Fimbo ya maji au ngazi? Mwongozo kamili wa kusafisha madirisha ya ghorofa

Nilianguka mwaka wangu wa pili katika kazi hii, kwenye nyumba ya ghorofa moja huko Mbezi Beach, nikiwa nimebakiza dirisha moja tu niondoke. Ngazi haikuvunjika. Miguu yake iliteleza juu ya marumaru niliyoyalowesha mwenyewe kwa maji ya sabuni yaliyokuwa yakichuruzika kutoka dirishani. Nilikuwa juu kama mita 3. Watu hudhani mtu anapata muda wa kushika kitu. Hapati. Kuanguka mita 3 kunachukua chini ya sekunde 1, na unafika chini kwa kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa. Kutoka mita 6 kasi inakaribia kilomita 39. Nilitanguliza mkono wa kushoto, kifundo kikavunjika, nikakaa na plasta wiki 6 bila kipato.

Siku hizi kazi yangu nyingi naifanya miguu ikiwa chini, kwa fimbo ya maji. Nawaandikia vijana wanaoanza kazi hii, na wenye kampuni ndogo za usafi wanaojiuliza kama kifaa hiki kina maana yoyote kwetu. Kina maana kubwa. Lakini nacho kina hatari zake, na moja kati ya hizo inaua haraka kuliko ngazi.

Kifaa chenyewe

Fimbo ya maji ni fito nyepesi ya vipande vinavyoingiana, kama eriali ya redio ya zamani, na kila kiungo kina kibanio chake. Juu kuna brashi pana yenye matundu ya maji. Mpira mwembamba hupanda mpaka kwenye brashi, maji yakisukumwa na pampu ndogo ya betri kutoka kwenye tangi. Unasugua kioo, unasuuza, unaacha kikauke chenyewe. Hakuna kitambaa wala kikwangulio cha raba. Kioo hakibaki na madoa kwa sababu maji yenyewe yameshaondolewa chumvi na madini.

Uingereza kifaa hiki kimezoeleka sana kwenye nyumba za kawaida, na sheria ya kazi za juu ya huko, iliyoanza kutumika Aprili 2005, inaeleza mantiki yake kwa mpangilio ninaoupenda. Kwanza jiulize kama kazi inaweza kufanyika bila mtu kupanda. Ikishindikana, zuia asianguke. Likishindikana hilo nalo, punguza urefu na madhara ya kuanguka. Sisi wengi tumezoea kuanzia mwisho: tunapanda kwanza, ndipo tunatafuta kijana wa kushika ngazi.

Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya wana ya kwao ya mwaka 2007. Ukiwa na kijana unayemlipa, usalama wake ni wajibu wako kisheria. "Alipanda mwenyewe" haikuondolei wajibu huo.

Kwa nini ngazi na kioo havipatani

Kanuni ya ngazi ni kuwa na sehemu tatu za mwili zilizoshika wakati wote: miguu miwili na mkono mmoja, au mikono miwili na mguu mmoja. Fundi wa taa anaweza kuitii kwa kiasi, maana anafunga kitu kimoja na kushuka. Msafisha madirisha je? Mkono mmoja una brashi, mwingine unataka kikwangulio, ndoo imening'inia kwenye kidato, na kona ya mbali ya kioo inakuvuta ujinyooshe kidogo tu. Ndoo ya lita 10 ni kilo 10. Maji yanachuruzika mpaka chini, mahali miguu ya ngazi iliposimama. Kisha unashuka, unaisogeza mita 1, unapanda tena. Nyumba yenye madirisha 20 ya juu inakupandisha na kukushusha mara 20, na kila mara ngazi iko mahali papya pasipojaribiwa.

Ndiyo maana nasema tatizo si uzembe wa watu. Kazi yenyewe inakunyang'anya mikono ambayo ngazi inaihitaji.

Hatua ya 1: Zunguka nyumba mikono mitupu, ukiangalia juu

Kabla ya kushusha chombo chochote garini, zunguka jengo lote. Unatafuta waya kwanza, mengine baadaye.

Hapa ndipo fimbo ya maji inapokuwa hatari kuliko ngazi. Mtaani kwetu nyaya za kilovolti 11 na 33 zinapita juu ya nguzo kando ya barabara, wakati mwingine karibu kabisa na ukuta wa uzio. Kuna nyaya za volti 400 na 230 zinazosambaza majumbani, na ule waya unaotoka kwenye nguzo kuingia nyumbani hupita juu ya kona ileile ambako ungependa kusimama. Mtu mwenye fito ya mita 9 mkononi, macho yakiwa kwenye brashi, husahau haraka kwamba kuna kitu nyuma yake.

Fito ya nyuzi za kaboni inapitisha umeme. Watu wengi hawalijui hili, kwa sababu kaboni haifanani na chuma. Fito ya faiba, yaani nyuzi za kioo, haipitishi ikiwa safi na kavu, lakini yako haitakuwa kavu. Na ufukweni, ambako chumvi ya bahari inaganda kwenye kila kitu, fito iliyolowa yenye chumvi na vumbi si kinga. Maji yaliyochujwa yenyewe hupitisha umeme kidogo sana, ila yakishagusa brashi chafu na mikono yako hali inabadilika. Kwa hiyo usitegemee aina ya fito kukuokoa. Tegemea umbali.

Kanuni yangu: chukua urefu wote wa fito ikiwa imerefushwa, ongeza mita 3, kisha pima kwa hatua za miguu kutoka pale utakaposimama hadi chini ya waya ulio karibu. Fito ikikuponyoka inaweza kuangukia upande wowote, si upande wa ukuta tu. Kama waya uko ndani ya umbali huo, dirisha hilo halifanywi kwa fimbo. Usijitetee kwamba waya umevikwa plastiki, maana plastiki iliyokaa juani miaka mingi hupasuka. Umeme mkubwa nao unaweza kuruka hewani kabla hujaugusa.

Dirisha likishakataa kwa sababu ya waya, usikimbilie ngazi ya aluminiamu wala ngazi ya chuma ya fundi wa kuchomelea. Hizo nazo zinapitisha umeme, na sasa mwili wako ndio ungekuwa juu yake. Lisafishwe kwa ndani au lisubiri.

Mzunguko huohuo angalia pia ardhi. Je, ni mchanga, pevingi, marumaru, au nyasi zilizofunika shimo la maji machafu? Angalia mashimo ya karo yenye mifuniko mibovu. Mtu anayetembea kinyumenyume akiangalia juu haoni shimo. Uliza kuhusu mbwa na watoto, na kama kuna mlango unaofungukia nje.

Hatua ya 2: Amua dirisha moja moja

Usiamue kwa nyumba nzima. Chukua karatasi, chora ubavu wa nyumba, andika kila dirisha kundi lake.

Madirisha ya aluminiamu yasiyo na grili nje, yenye kioo kisichofunguka au kinachoteleza, ni ya fimbo moja kwa moja. Vioo vya ngazi za ndani, vile virefu vinavyopanda ghorofa mbili, ndivyo fimbo inavyovimudu vizuri zaidi, na ndivyo vilivyokuwa vikinitisha zaidi enzi za ngazi.

Nyumba zetu, hata hivyo, si za Uingereza. Nyingi zina nondo au grili kwa nje, na brashi pana haipiti kati yake. Nyingine zina nyavu za mbu upande wa nje, na vioo vya lova havizuii maji kabisa: ukivipiga maji kutoka chini umelowesha kitanda cha mwenye nyumba. Hayo yafanye kutoka ndani, ukiwa umesimama sakafuni, kwa brashi fupi yenye mpini uliopinda, mkono tu ukitoka nje. Usikalie kizingiti wala kutoa kiwiliwili. Kuanguka kutoka dirishani ni sawa na kuanguka kutoka kwenye ngazi, tofauti ni kwamba hapa huna hata kidato cha kushika.

Kioo kipya chenye matone ya saruji na rangi fimbo haikiwezi. Kinahitaji wembe na mkono wa karibu, maana yake jukwaa lenye vizuizi pembeni. Usikubali kazi ya namna hiyo kwa bei ya kusafisha kawaida, kwa kuwa bei hiyo haitalipia jukwaa, na utaishia juu ya ngazi ya mirunda.

Kwa urefu, mtu anayeanza aishie ghorofa ya pili, madirisha yenye kilele cha mita 9 hivi. Ziko fito ndefu zaidi ya hapo, lakini zinapinda, na brashi inachelewa kutii mkono. Majengo marefu ya Posta, katikati ya Dar es Salaam, waachie wenye kamba na vyeti vyake.

Hatua ya 3: Maji

Maji ya kisima cha pwani mara nyingi yana chumvi, na hata ya bomba yana madini. Ukiyatumia hivyo kioo kitakauka na madoa meupe, mteja atalalamika, nawe utarudi kwenye ngazi ukiwa na kitambaa. Ndiyo sababu naweka maji kwenye mwongozo wa usalama: maji mabaya yanampandisha mtu ngazi.

Tumia mashine ya osmosisi rejea, ile ile ya wauza maji ya kunywa, kisha pitisha maji kwenye chupa ya rezini inayonyonya madini yaliyobaki. Nunua kipima cha madini, kidude kidogo kama kalamu. Kikisoma sifuri hadi 10 kwa kipimo cha miligramu kwa lita, endelea. Kikipanda zaidi ya hapo badilisha rezini.

Lita 1 ni kilo 1. Tangi la lita 200 juu ya Kirikuu, ile pikapu ndogo, ni kilo 200 zinazoyumba kila ukikata kona, na ukifunga breki ghafla zinataka kuja mbele ulipokaa. Lifunge kwa mikanda ya kukazia mizigo kwenye chesisi, kamba ya katani haitoshi. Chukua tangi lenye vizuizi ndani. Kwa mtiririko wa lita 2 kwa dakika, lita 200 zinakupa saa moja na dakika 40 za maji, basi usibebe zaidi ya unachohitaji.

Jambo moja zaidi linalopuuzwa. Maji yaliyosimama kwenye joto la kati ya nyuzi 20 na 45 huwapa nafasi bakteria wa Legionella kuzaliana, nao huingia mapafuni kwa matone madogo yanayovutwa na pumzi. Tangi lililoachwa juani Dar es Salaam linakaa ndani ya joto hilo mwaka mzima, tena maji yaliyochujwa hayana klorini ya kuyalinda. Mwaga maji yaliyobaki kila jioni, liache tangi na mpira vikauke, lisafishe kwa dawa ya klorini mara kwa mara na ulisuuze vizuri kabla ya kulijaza upya.

Hatua ya 4: Andaa eneo

Anza mapema asubuhi. Pwani upepo wa baharini huongezeka mchana, na wakati wa kusi, hasa Juni na Julai, fito ndefu inageuka tanga. Kama majani ya minazi yanatikisika kwa nguvu, sirefushi fito kupita ghorofa ya kwanza. Mawingu ya radi yakionekana, vitu vyote chini.

Laza mpira kando ya ukuta, usiupitishe katikati ya njia. Weka koni au viti vya plastiki kuzunguka eneo, kwa upana wa kutosha fito ikianguka isimfikie mpita njia. Mpira hukwaza watu zaidi ya chochote kingine katika kazi hii, na wa kwanza kukwazwa ni wewe mwenyewe. Vaa viatu vilivyofungwa vyenye soli ya mpira yenye meno. Kandambili hapana, hata kwa dakika 5. Kofia ngumu vaa, kwa sababu vibanio vikilegea kipande cha juu kinashuka kama mkuki.

Hatua ya 5: Kuinua na kusafisha

Egemeza brashi ukutani chini ya dirisha, fito ikiwa fupi. Anza kurefusha kipande chembamba cha juu kabisa, ukikaza kila kibanio na kukijaribu kwa kuvuta, huku brashi ikipanda na ukuta. Usirefushe fito ikiwa imelala chini kisha uiinue yote kwa mkupuo. Hapo ndipo migongo huumia na ndipo fito hupiga waya.

Simama mbali na ukuta kwa takriban theluthi moja ya urefu unaoufikia. Kwa kioo chenye kilele cha mita 9, ni kama mita 3. Ukisogea karibu mno unavunja shingo na maji yanakudondokea, ukienda mbali mno fito inalala na uzito wake unahamia kiunoni.

Kisha fuata mpangilio huu:

1. Anza na fremu ya juu, maana vumbi la hapo ndilo litakaloshuka.
2. Sugua kioo kutoka juu kwenda chini, ukitumia uzito wa brashi. Kinyesi cha ndege kiloweshe kwanza, nenda dirisha jingine, kisha rudi.
3. Suuza fremu ya juu tena mpaka isidondoshe maji machafu.
4. Suuza kioo kwa mistari kutoka juu, maliza na kizingiti.

Ukitaka kuhamia dirisha jingine, fupisha fito kwanza. Kutembea na fito ya mita 9 ikiwa wima ni kosa nililoliona kwa kila niliyemfundisha, nami mwenyewe nililifanya.

Mwili nao unahitaji kutunzwa. Shingo na mabega ndivyo vinavyolipa gharama ya kuacha ngazi. Badilisha mkono wa juu kila dirisha. Sogeza miguu badala ya kukunja kiuno. Kila nusu saa weka fito chini, tazama ardhi, zungusha mabega kwa dakika kadhaa. Ukihisi ganzi kwenye vidole, siku imeisha.

Hatua ya 6: Pale ngazi inapohitajika kweli

Zipo siku hizo: kutoa wavu uliokwama, kukagua kioo chenye ufa. Kazi iwe nyepesi, mzigo usizidi kilo 10, na usikae juu zaidi ya dakika 30 kwa mara moja.

Kagua mihimili, vidato na raba za miguuni. Raba ikiwa imekwisha, ngazi imekwisha. Kila mita 4 za kupanda, toa mguu wa ngazi mita 1 kutoka ukutani. Simamisha penye ardhi kavu, ngumu na sawa. Usichomekee tofali wala kipande cha mbao upande mmoja. Usiegemeze kwenye kioo wala mfereji wa plastiki wa paa. Ifunge juu na chini kwenye kitu imara, na ujue kwamba kijana wa kushika hawezi kuwa badala ya kamba. Mtu wa kilo 80 akianza kuteleza, wa chini hamzuii, wanaumia wote wawili. Vidato vitatu vya juu si vya kusimamia. Kitovu chako kisitoke nje ya mihimili: ukiona lazima ujinyooshe, shuka uisogeze.

Maji na sabuni yabaki chini. Juu panda na kitambaa chenye unyevu mfukoni, na mkono mmoja ushike.

Utashinikizwa. Mama mmoja mwenye nyumba aliniambia, "Mwanangu, panda tu, juzi fundi wa dishi alipanda hapohapo." Nikamjibu, "Mama, huyo alipanda mara moja. Mimi ningepanda kumi na mbili, na mikono imeloa." Akaniletea kiti nikasafishe lile dirisha kwa ndani. Nilikataa kiti pia, nikatumia ngazi fupi ya kujisimamia yenyewe.

Likitokea la kutokea

Fito ikigusa waya na mwenzako amenaswa, usimguse, usiguse fito, usiguse mpira wala gari. Watu wasogee mbali, piga simu TANESCO, shirika la umeme, wakate umeme, na upige simu ya dharura. Ni baada ya umeme kukatwa kwa uhakika ndipo unamkaribia na kuanza kumkandamiza kifua kama hapumui. Waya ulioanguka ardhini unasambaza umeme kwenye udongo unaouzunguka, hivyo ondoka kwa hatua fupi za kuburuza nyayo zikiwa karibu karibu. Namba hizo ziandike ndani ya mlango wa gari, maana kwenye mshtuko hakuna anayezikumbuka.

Kwa aliyeanguka, usimwinue akae. Mwache alivyo, mzuie asigeuze shingo, ita msaada. Mwajiri aliyesajiliwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi atoe taarifa. Ambaye hajasajiliwa afanye hivyo kabla ya kumtuma mtu kazini.

Hatua ya 7: Kufunga kazi

Fupisha fito kuanzia kipande kinene cha chini, ukishika juu ya kibanio ili kipande kisishuke na kubana kidole. Kausha vibanio, chumvi inavila. Kusanya mpira, kausha marumaru uliyoyalowesha, mwonyeshe mwenye nyumba palipo na utelezi.

Kisha rudi kwenye ile karatasi uliyochora asubuhi. Andika tarehe, na mbele ya kila dirisha uliloliacha andika sababu, mpe mteja nakala. Yangu ya wiki iliyopita inasomeka: dirisha la bafu, ghorofa ya kwanza, upande wa barabara, waya uko mita 5, limesafishwa kwa ndani tu, tusubiri mwenye nyumba aombe TANESCO wauhamishe.